Tulivyosafiri Kutafuta Giza

Tangu turudi, sijauza gunia la viazi bila kuulizwa. "Mama Njoki, mliendea nini huko?" Mmoja ananiuliza nikiwa na debe mkononi, mwingine ananishika mkono mlangoni mwa kanisa, na kila mmoja anaondoka na kipande chake cha habari. Halafu mnakutana na kuviunga vipande vyenyewe vibaya. Nimesikia kwamba tulikwenda kwa mwombezi. Nimesikia pia kwamba tulikwenda kununua shamba. Basi nimekaa chini niwaandikie yote mara moja, na mkimaliza kusoma mniache nifanye biashara.

Mnamjua mume wangu, Baba Njoki. Nusu ya Elburgon bado inamwita Dereva, kwa sababu miaka mingi aliendesha lori za mbao, akitoka hapa jioni na kushuka bondeni usiku. Msichojua, kwa kuwa hakutaka mjue na ni juzi tu amenipa ruhusa niseme, ni kwamba macho yake yanakwenda. Ni presha ya macho. Inaanza kula pembeni na kuja katikati polepole, bila maumivu, mpaka mtu anapoteza nusu ya anachokitazama kabla hajashuku. Daktari alituambia kwamba kilichopotea hakirudi. Dawa ya matone inalinda kilichobaki, na hawezi kutuahidi itakilinda hadi lini.

Alipoacha kuendesha, usingizi ulimkataa. Mwili ulikuwa umezoea kukesha. Alikuwa akitoka na kukaa uani kwenye kiti, nami nikaanza kumfuata na blanketi, na ili tusinyamaziane nikawa namuuliza habari za nyota. Zamani aliporudi safari alikuwa akinisimulia nyota walizoziona walipopaki lori huko nyuma ya Olkaria, nyingi mpaka mtu anaogopa kusimama. Mimi miaka hiyo yote nilikuwa nimelala na mlango nimeutia komeo. Sasa nikashikwa na hayo mambo kabisa. Nilijifunza majina kwenye simu, nikanunua darubini ya mtumba kule Nakuru kwa muuzaji aliyekuwa ameilaza katikati ya viti vya watoto bila kujua ni kitu gani, na nyinyi mkaanza kuniita Mama Nyota. Nilikuwa nasikia.

Lakini Elburgon yetu mnaijua. Baridi ya msitu wa Mau ikishuka, na moshi wa viwanda vya mbao ukikataa kupanda, unaona nyota chache na mwanga wa jirani. Jioni moja Baba Njoki aliweka kikombe chini akasema, "Nataka kuziona tena. Zile za kule. Kabla haya macho hayajafunga." Nikamwambia tutakwenda mwezi ukiwa haupo, na moyoni nikaomba tusiwe tumechelewa.

Elburgon hadi Njoro

Mimi ndiye niliyeendesha pikapu. Baba Njoki alinifundisha mwenyewe alipojua kwamba itabidi, naye ni mwalimu mzuri na abiria mbaya. Anakanyaga breki ambayo haipo upande wake. Lori zinazokuja anaziambia, "Pita, pita ndugu yangu," na kona ikikaribia anainama nayo kabla sijagusa usukani. Barabara hiyo ameibeba mwilini, kwa hivyo asubuhi nzima sikuweza kujua ni nini anachokiona na ni nini anachokikumbuka.

Darubini ilikaa kati yetu, wima, imefungwa blanketi na mkanda wa gari juu yake. Kabla hatujatoka mjini watu wawili walikuwa wametupa pole ya mgonjwa.

Karibu na Njoro polisi wakatusimamisha. Afisa kijana akainama dirishani.

"Mathe, hiyo kitu mmefunga kwa blanketi ni nini?"

"Ni darubini, afande. Ya kuangalia nyota."

Akatazama jua. "Saa hii?"

Nilianza kueleza kwamba ni ya usiku, lakini Baba Njoki alikuwa ameshashuka nayo. Akaiegemeza juu ya boneti, akaielekeza kule barabara inakopanda, akamwambia afande afunge jicho moja. Afande akachungulia. Nilimwona mgongo ukikakamaa.

"Kuna lori imepinduka huko juu," akasema, na mkono wake ulikuwa tayari unatafuta simu.

"Afande, hiyo lori iko sawa," Baba Njoki akamwambia. "Hii mashine ndio huonyesha kila kitu miguu juu."

Afande akatazama kwa macho matupu, akarudi kwenye darubini, akatazama tena kwa macho matupu. "Sasa nyota mtajua aje kama iko juu chini?"

"Nyota haina juu wala chini."

Akafikiri kidogo. "Hiyo ni ukweli," akasema, akatufungulia njia. Baba Njoki alicheka mpaka njia panda ya Egerton, na mimi nikafurahi, kwa sababu kicheko hicho sikuwa nimekisikia tangu siku ile ya daktari.

Nakuru, mchana kutwa

Nilikuwa nimepanga tupite Nakuru bila kusimama. Tulipofika karibu na mzunguko wa magari Baba Njoki akainua kidole. "Mkanda wa feni unalia." Mimi sikusikia kitu. "Unalia," akasema, "na utakatika kabla ya Lanet." Ulikatika kabla ya Lanet.

Fundi tuliyempata alikuwa na kila mkanda isipokuwa wetu. Akamtuma mtu kuutafuta, na huyo mtu akatafuta kama anayelipwa kwa kutembea. Sisi tukakaa kwenye kibanda cha jirani tukala chapati na madondo, halafu chai, halafu tena chapati, huku mawingu yakikusanyika juu ya Menengai. Nilinuna. Baba Njoki akaniambia barabara haiharakishwi na mtu aliyenuna. Yeye amengoja mikanda, magurudumu, mizani na madaraja yaliyobebwa na maji, na hakuna kimoja kilichoharakishwa na sura yake.

Ilipofika jioni ndipo pikapu ikawaka, kwa hivyo tukalala kwa dada yangu Lanet. Dada ana nyumba ya ghorofa moja yenye paa la kuanikia nguo. Tulipanda huko baada ya chakula. Anga lilikuwa na rangi ya chai kwa sababu ya taa za mji, na nyota zilikuwa chache, za kuombea.

"Kwani mnatafuta nini huko juu?" dada akatuuliza kutoka kwenye ngazi.

"Giza," nikamwambia.

"Giza si mmeacha Elburgon, stima ikipotea kila siku?"

Tulipobaki wawili, Baba Njoki alinigusa bega. "Ile pale naiona. Ile nyekundu." Nilifuata kidole chake. Kilikuwa kinaonyesha taa ya mlingoti wa simu. Nikasema, "Ehe, naiona pia," kisha nikakusanya nguo za dada zilizokauka ili mikono yangu ipate kazi.

Kikopey

Mnajua desturi ya Kikopey. Pale huletewi nyama. Unakwenda mwenyewe hadi kwenye ndoano, unatazama, unaonyesha kidole, inapimwa machoni pako, ndipo inapelekwa motoni. Mwanamume aliyechaguliwa nyama na mtu mwingine Kikopey ni mgonjwa au ni mgeni wa serikali. Baba Njoki amejisifu maisha yake yote kwamba yeye hajawahi kuchaguliwa.

Mwenye bucha, mzee Kimani, alimtambua kabla hajafunga mlango wa gari. "Dereva! Tulisema umekufa."

"Nilikufa nikarudi kula," Baba Njoki akajibu, na wakashikana mikono muda mrefu kwa namna wanaume wa barabara wanavyoshikana.

Kisha akaenda kusimama mbele ya zile ndoano. Mikono nyuma, kichwa kimeinama kidogo upande, vilevile kama alivyosimama mara ya kwanza aliponileta hapo tukiwa maarusi. Akatazama mwanzo wa mstari hadi mwisho. Vijana wawili wa bucha walikuwa wanangoja na visu.

"Ile," akasema. "Mbavu ile ya mwisho. Ina mafuta ya kiasi."

Kwenye ndoano ya mwisho lilikuwa limetundikwa koti jeupe la kazi la mzee Kimani, lenye madoa ya damu.

Kijana mmoja akaanza kucheka. Mzee Kimani akamgeukia bila kusema kitu na kicheko kikakatika. Halafu akaenda pole pole, akatoa mbavu iliyokuwa ikining'inia kando ya koti, akaiweka kwenye mizani. "Dereva, wewe bado unajua kuchagua," akasema.

Nilitoka nje nikasema natafuta choo. Nikasimama nyuma ya pikapu nikiwa nimeshika ubao wake. Kilichoniuma hakikuwa macho, maana habari ya macho nilikuwa nayo. Kiliniuma kwamba pale ndani watu wanne tulikuwa tunajua jambo, na yeye aliyekuwa mwenye jambo alikuwa anajifuta mikono akingoja nyama yake kwa furaha.

Nyama ilipoiva mzee Kimani aliileta mwenyewe. Aliikata vipande vidogo juu ya ubao, akavisogeza vyote upande wa mkono wa Baba Njoki, kachumbari kando, chumvi kando, ugali mahali ambapo mkono ungeanguka wenyewe. Baba Njoki alipokwenda kunawa, mzee akaniinamia.

"Mama, yameanza lini?"

"Hataki ijulikane."

"Basi mimi sijui," akasema, akaondoka na sahani tupu.

Naivasha hadi Olkaria

Hasira zangu mnazijua. Zinakuja baada ya uchungu, na zinamwangukia aliye karibu. Hatujafika mbali nikamuuliza, "Ulikuwa unaona ile nyama?"

"Nimeila, sijaila?"

"Sijauliza hivyo."

Nikaendelea, kwa kuwa mdomo wangu ukishawaka huwa hauna breki. Nikamwambia habari ya koti. Nikamwambia habari ya mlingoti. Nikamwambia kwamba kama haoni hata koti la mtu mbele ya uso wake, basi tunakwenda huko kutazama nini, na kwa nini kila kitu anasema naona, naona. Nilijua ninasema vibaya nikiwa katikati ya kusema.

Tulipita mji wa Naivasha. Tulikata kuelekea njia ya ziwa na mashamba ya maua, nyumba za nailoni zimepangwa hadi unachoka kuzitazama. Ni baada ya hapo ndipo alipojibu, uso ameuelekeza kwenye dirisha.

"Nikikuambia sioni, utanishika mkono. Ukianza kunishika mkono, utaacha lini?"

Niliendelea kuendesha, na baadaye kidogo nikaweka mkono wangu juu ya goti lake, hapo tu, kisha nikautoa kwa sababu ya gia. Alisema, "Tazama barabara." Nikajua tumepatana.

Tulikuwa tunakwenda kwa Lemayian, ambaye zamani alikuwa tanboi wake, yule msaidizi wa lori anayefunga mizigo na kulala juu ya mbao. Sasa ni mtu mzima mwenye watoto, ana kazi kwenye mitambo ya mvuke ya Olkaria, na boma lake liko ng'ambo ya vilima, upande wa Suswa, karibu na pale pale walipokuwa wakipaki. Baba Njoki alikataa nimpigie simu kuuliza njia. Alisema njia anaijua.

"Utaona mti mkubwa, ukiupita kata kushoto."

Hakukuwa na mti. Kulikuwa na bomba la mvuke, nene, limepindwa juu ya barabara kama mlango, na mengine yakipanda kilima. Nikakata kushoto penye nafasi ya kukata kushoto, na tukaishia kwenye lango lenye soja na kizuizi. Mvuke ulikuwa unatoka ardhini kwa kelele kiasi kwamba tuliongea kwa kupiga mayowe.

"Mnaenda wapi, mzee?" soja akauliza.

"Kwa Lemayian! Kuna mti mkubwa hapa!"

"Mti ilitolewa, mzee. Kitambo sana!"

Baba Njoki aliushusha mkono uliokuwa ukionyesha njia. Kisha, kwa mara ya kwanza katika safari yote, akanigeukia akasema, "Basi muulize wewe. Mimi njia hii siioni." Soja akatueleza, tukageuza gari. Jua lilikuwa linashuka na mvuke umegeuka rangi ya waridi. Nilimweleza rangi hiyo bila kuombwa, naye hakunikataza.

Kwa Lemayian

Lemayian alitupokea barabarani. Mama Naserian, mke wake, alikuwa ameshatandika meza nje, na mbuzi alikuwa ameshachinjwa. Nilikuwa bado na Kikopey yote tumboni, lakini mbuzi akishachinjwa kwa ajili yako hutoi maoni. Tulikunywa chai ya maziwa kwanza, nzito, halafu nyama ikaanza kuja na haikuacha kuja.

Nje ya boma palikuwa kama alivyosimulia. Kilima kilikuwa kimezificha taa za mitambo nyuma yetu, na mbele yetu nchi ilikuwa inakwenda chini hadi kwenye mlima Suswa bila taa hata moja. Mawingu hayakuwepo. Giza lilikuwa linaingia vizuri, nami nilikuwa nimeanza kuhesabu nyota za kwanza, wakati Lemayian alipojifuta mikono na kusema, "Sasa ngojeni."

Akaingia ndani. Kitu kikalia tak, na boma lote likawa mchana.

Alikuwa ameweka mulika mwizi. Taa yenyewe ilikuwa juu ya nguzo, kubwa, nyeupe, inakusuta ukiitazama. Ilimulika mbuzi, sahani, ukuta, mpaka ng'ombe zizini wakageuza vichwa. Watoto walipiga makofi. Majirani wakaanza kuja na viti vyao kukaa kwenye mwanga.

"Nimeiweka hii wiki, juu yenu," Lemayian akasema. "Mimi natengeneza stima ya Kenya mzima. Mgeni wangu atakaa aje kwa giza?"

Nifanye nini jamani? Kwa watu wetu hawa, kuacha mgeni gizani ni kumwambia hukumtarajia. Mtu amepanda nguzo kwa heshima yako, huwezi kumwambia akaizime. Nikajaribu njia za pembeni. Nikasema sisi tungependa kunyoosha miguu huko nje. Lemayian akasimama mara moja na tochi kubwa akatutembeza, kwa sababu kuna fisi. Nikasema labda tungekaa nyuma ya pikapu. Mama Naserian akatuletea taa ya kuchaji, kwa sababu huko nyuma taa haifiki vizuri. Nikamweleza Lemayian kuhusu darubini, akafurahi sana, akaibeba mwenyewe na kuisimamisha katikati ya ua, chini kabisa ya nguzo, tuone nayo vizuri.

Nilichungulia. Kulikuwa na weupe mtupu. Nilitazama juu nikaona nguzo, wadudu, na baada ya hapo weusi bila kitu. Tumetoka Elburgon hadi hapa, nikajiambia, na taa imetufuata kama ng'ombe anayefuata chumvi. Niliamua kwamba basi, tutakula, tutashukuru, na asubuhi tutarudi, na nitatafuta maneno ya kumwambia njiani.

Baba Njoki alikuwa amekaa katikati ya wanaume, anasimulia. Lemayian alikuwa anawaambia majirani jinsi Dereva alivyowahi kushusha lori iliyokatika breki usiku kwa gia peke yake, na hakuna aliyekwaruzika. "Huyu mzee," alisema, "ako na macho ya paka." Majirani wakaguna kwa heshima.

Baba Njoki akaweka bakuli chini. Aliitafuta meza kwa vidole kwanza, nikaona, kisha akaliweka.

"Lemayian," akasema. "Hayo macho yanaenda."

Lemayian akadhani ni mzaha, akatabasamu.

"Ni ugonjwa. Daktari amesema hairudi. Ile nyota tulikuwa tunaona hapa, nilitaka kuona tena nikiwa bado naweza, ndio nikakuja. Na hii taa yako ni nzuri sana, kijana wangu. Nimefurahi. Lakini zima, nijaribu."

Nilikuwa nimeshika kikombe kwa mikono miwili. Mtu huyu alikuwa ametumia nguvu zake zote kulificha jambo hilo, hata kwangu mimi mke wake niliyemsikia daktari, kwa kanisa, kwa kila mtu, na sasa alikuwa amelisema mbele ya yule kijana ambaye alitaka kuliko wote asilijue.

Lemayian hakusema pole. Alisimama, akaingia ndani, na taa ikazimika.

Giza

Mwanzoni hatukuona chochote, hata sisi wenye macho mazima. Nikasikia viatu vya Lemayian vikitoka getini. Alikuwa anakwenda boma la jirani, kwa sababu wao pia walikuwa na taa mlangoni. Ikazimika. Halafu ya pili, mbali kidogo. Nilisikia sauti yake ikiongea Kimaasai gizani, fupi, na mlango ukifungwa, na taa ya tatu ikazimika pia. Mama Naserian akafunika makaa kwa karai. Watoto waliambiwa wazime simu ya baba yao.

Kisha zikatoka. Sijui niwaambieje. Ule mkanda mweupe ambao Elburgon tunauona kwa kubahatisha ulikuwa umetanda kutoka upande mmoja wa dunia hadi mwingine. Kilimia, kile kikundi cha nyota nilichokuwa nakihesabu kwa shida nyumbani, kilikuwa kimejaa nyota ndogo ndogo za ziada. Nilishika ubao wa pikapu. Alikuwa amesema kweli kuhusu kuogopa kusimama.

Baba Njoki alikuwa kando yangu, uso juu.

"Ziko?" akaniuliza.

"Ziko."

"Nyingi?"

"Nyingi sana, Baba Njoki."

Akapumua. "Mimi naona chache. Pengine kumi. Ziko mbali mbali, na katikati hakuna kitu." Alisema hivyo bila kujitetea. Halafu akainua mkono. "Ila ile kubwa naiona."

Nilifuata kidole chake nikiogopa. Kilikuwa kimeelekea sawasawa kwenye sayari ya Jupita, juu upande wa kaskazini.

Tukaihamisha darubini nje ya boma. Nililenga kwa kile kidarubini kidogo cha pembeni tu. Kwenye kioo chenyewe sikuchungulia, kwa sababu nilitaka yeye awe wa kwanza. Nikamwekea kidole chake kwenye gurudumu la kusafishia picha, nikashika kichwa chake kwa mikono miwili, kama ninavyowashika watoto wakinyolewa, nikakisogeza hadi jicho lake lenye nafuu likakaa mahali pake. Hakunikatalia.

"Utaona duara," nikamwambia. "Na kando yake miezi yake minne, imejipanga mstari, kama vidoti. Iko minne."

Alikaa muda. Gurudumu lilikuwa linakwenda kidogo na kurudi kidogo. Lemayian alikuwa amerudi na kusimama nyuma yetu.

"Naiona," Baba Njoki akasema.

Naiona hiyo nilikuwa nimeisikia Lanet, kwenye taa ya mlingoti. Nilijua anataka kunifurahisha kwa sababu ya ile safari, ule mkanda wa feni na yale yote. Nikamuuliza, kwa upole nilioweza, "Unaona nini?"

"Duara. Na vidoti tatu."

"Ni minne."

"Ni tatu, Mama Njoki. Mbili huku, moja huku."

"Tazama tena. Vitabu vyote vinasema minne."

"Vitabu iseme. Mimi naona tatu."

Nikamsogeza, nikainama. Picha ilikuwa safi, aliisafisha vizuri kuliko mimi. Duara lilikuwa pale, limetulia. Upande mmoja vidoti viwili. Upande wa pili kimoja. Nilitazama mpaka machozi yakanizuia, nikayafuta, nikatazama tena. Wa nne haukuwepo. Ulikuwa umepita nyuma ya sayari yenyewe, kwenye kivuli chake, mahali ambapo hakuna mtu angeuona.

Nilimwambia nililoliona. Yeye akasema tu, "Si nilikuambia," akarudi kwenye darubini, na Lemayian akacheka nyuma yetu kicheko cha mtu aliyekuwa anashikilia pumzi.

Hakutaka kulala. Darubini yetu haina mashine ya kufuata anga, kwa hivyo sayari inaponyoka kila mara na lazima uisukume darubini kidogo kidogo. Alishika jambo hilo kwa mara moja tu nilipomwonyesha. Anasukuma kwa kidole, anangoja, anasukuma. Lemayian alimletea kiti na blanketi, akakaa naye, wakawa wanaongea habari za lori. Nilimtia matone yake ya dawa, tukangoja macho yatulie, kisha nikaenda kujilaza kwenye pikapu na mlango wazi.

Sikujua nimelala kiasi gani. Niliamshwa na mkono wake ukitafuta bega langu gizani.

"Mama Njoki, amka. Ya nne imetoka."

Nilishuka miguu mitupu nikachungulia. Ulikuwa umetoka.